Bawa Lenye Viraka

Mbekenyera,
Jumapili, 20 Oktoba 2024

Mdogo wangu Imrani,

Salaam aleikum. Huku tunapumua. Goti la Mama limetulia kidogo na yule mbuzi mweusi kazaa mapacha. Wewe je, tumbo limepona? Na huyo kiranja wenu Habibu, bado anawachapa na mpira wa maji? Mwambie mimi naja na fimbo ya mpingo.

Sasa sikia. Tumeingia kwenye kile kichaka cha nyuma ya mikorosho ya Babu, tunataka kupanda ufuta. Unakijua, kile ambacho Babu akikipita anatema mate. Juzi shoka la mwenzangu Lukasi likalia ngaa! Nikamwambia umepiga jiwe, akasema jiwe gani linang'aa. Tumefukua siku mbili. Ni bawa la ndege, dogo. Refu kuliko nyumba yetu, ncha yake ya mviringo kama jani la mkorosho. Wazee wanasema ndege ilianguka enzi za Wazungu waliokuja kulima karanga, rubani akatoka akaenda Nachingwea kwa miguu, hakurudi.

Harithi wa skrepa anakuja Jumamosi kutoka Ruangwa. Anataka alumini tupu, chuma hataki. Lukasi anasema tulipandishe juu ya visiki vya shamba tuchome vyote pamoja, alumini itayeyuka itiririke mtaroni. Mimi nina swali moja tu: lina risasi? Chini lina rangi ya buluu. Ukingo wa mbele nimeupapasa wote ulipotoka kwenye udongo, ni laini, hauna matundu. Nimekuchorea nyuma ya karatasi.

Wewe ndiye mwenye Kiingereza na lile gazeti lako la ndege lisilo na jalada. Jibu upesi, mpe Yunusi dereva wa Noah akirudi huku.

Kaka yako,
Swalehe


Nachingwea,
Jumanne, 22 Oktoba 2024

Kaka Swalehe,

Shikamoo. Mama shikamoo yake umfikishie, na mapacha wa mbuzi pole kwa joto. Tumbo limepona. Habibu bado yuleyule, jana alinipiga kofi kwenye foleni ya uji kwa sababu aliniuliza jina la baba nikachelewa kujibu. Ananiita Bubu. Tuachane naye.

Kaka, barua yako nimeisoma mara nne, ya mwisho chooni ili nicheke bila kuulizwa. Siyo gazeti, ni kitabu! Na ndege yenu naijua. Inaitwa Spitfire, kama kusema mtema moto, ya Waingereza, ya vita vya Hitla. Hapa shuleni hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake, wewe ndiye wa kwanza, kwa hiyo vumilia.

Watu wanadhani ni ndege moja. Zilikuwa aina nyingi, kila moja na namba. Ya kwanza ilikuwa na bunduki nane, nne kila bawa. Wakaona risasi zake zinatoboa tu, adui anaruka nazo mpaka kwao. Ndipo kwenye ya tano wakaingiza mizinga miwili. Risasi yake nene kama gunzi la mahindi, na hiyo haitoboi ikaishia hapo, ikiingia inapasuka. Ya tisa ilikuwa na pua ndefu na mizinga ileile. Kitabu kina picha ya rubani wa Kijerumani aliyepigwa na mzinga, wamemfunika koti, lakini koti limelala vibaya, unajua tu kwamba chini yake hayupo wote.

Halafu kuna ya kumi na moja. Haikubeba bunduki hata moja. Waliipaka buluu yote ili ipotee angani, mahali pa risasi wakaweka petroli, ikaenda peke yake kwa adui ikapiga picha ikarudi bila kusema kitu. Nadhani ndiyo sababu naipenda.

Yenu ni hiyo. Buluu, na mbele laini. Petroli ilishakauka kabla Baba hajazaliwa. Naandika kwa wino mwekundu ili Lukasi naye aone: HAINA RISASI, CHOMENI.

Nikatieni kipande kidogo cha buluu.

Mdogo wako,
Imrani


Mbekenyera,
Alhamisi, 24 Oktoba 2024

Profesa!

Marahaba, na Mama kaitikia. Hatujambo. Barua yako tumeisomea shambani, Lukasi alishika wino mwekundu akabusu. Anasema ukimaliza shule uje uwe daktari wa skrepa. Nikamwambia huyu hata kuku akimwangalia anainama. Akasema basi atatibu kwa barua.

Jumamosi tukishaswali adhuhuri tunawasha. Kipande chako nimekwishakikata, kipo kwenye kopo la Mama la chumvi.

Lukasi ameosha bawa kwa maji ya kisima, sasa linapendeza. Juu yake kuna uvimbe, kama kiazi kimesukumwa kutoka chini. Na ule ukingo wa mbele nilisema laini, kumbe kuna viraka vya kitambaa vimegandishwa kisha vikapakwa rangi, ukipitisha mkono huhisi. Kabandua kimoja, kuna tundu, nyigu wamejenga ndani. Jirani yake pana mahali pamekatwa kwa msumeno, duara kama tawi lililotolewa shinani. Mama Lukasi anasema babu yao zamani alitoa bomba pale, akatengeneza gobore. Ukilitikisa ndani panagonga.

Hayo matundu ndiyo kamera ilikuwa inachungulia?

Kula ushibe.

Kaka yako,
Swalehe


Nachingwea,
Ijumaa, 25 Oktoba 2024

Kaka,

Shikamoo. MSICHOME.

Nimekosea. Viraka vile waliziba midomo ya bunduki vumbi lisiingie, ikifyatuka mara ya kwanza inavitoboa yenyewe. Uvimbe wa juu ni nafasi ya mzinga. Bomba la gobore ndilo mtutu wake. Ndege za kupigana nazo zilipakwa buluu chini, imeandikwa ukurasa wa 61, nilisoma nikapita. Siyo ya picha, ni yenye mizinga. Kinachogonga ndani ni risasi.

Usimwache Lukasi alisogelee na shoka. Funikeni kwa udongo, mwiteni mwenyekiti wa kijiji. Nisamehe.

Imrani


Hospitali, Ruangwa,
Jumamosi, 9 Novemba 2024

Imrani,

Salaam. Mwandiko usikushangaze, ni mkono wa kushoto, nina siku tatu na karatasi hii. Wa kulia umeishia kifundoni. Mama yupo hapa, hali vizuri chakula. Wewe u mzima?

Najua mkuu wenu alikuita akakwambia. Lakini hukuambiwa na mtu aliyekuwapo.

Moto ulishika saa nane. Tulianza kusikia pa, pa, pa, kama bisi kwenye sufuria. Lukasi akacheka, "Ndege ya Profesa inajamba!" Akaanza kucheza akizunguka moto, na mimi nilicheka, Imrani, nilishika mti nikawa nasogeza gogo. Harithi alikuwa kando na mifuko yake ya mkaa wa kuongezea moto, akasema nyie, hiyo sauti siyo ya bati. Kisha kilipasuka cha kwanza. Sikusikia mlio, nilisikia masikio yamezibwa na Lukasi amekaa chini kama mtu aliyechoka. Upande mmoja wa uso haukuwapo. Nilimkimbilia nikataka kuishika taya yake niirudishe mahali pake, cha pili kikapasuka, nikawa bado nataka kuishika na sioni ni kwa nini siwezi. Nilitazama mkono wangu ndipo nikaelewa. Alikoroma kidogo. Vilipasuka vingine, sikuvihesabu. Mkorosho wa Babu ulikatika katikati.

Harithi alikimbia. Angekaa labda wasingemgusa. Kijiji kizima kikaja, wanaona Lukasi vile, wanaona mgeni anakimbia na mfuko wake umebaki pale. Mmoja akasema bomu lilikuwa kwenye mfuko. Ignasi, kaka yake Lukasi, alimkamata kisimani. Walimvunja miguu yote miwili kwa mchi wa kutwangia, mmoja baada ya mwingine, wakimsimamia. Guta lake la kubebea skrepa wakalichoma. Polisi walimkuta bado anaita jina la mkewe.

Yupo vitanda viwili kutoka hapa, amefungwa pingu kitandani. Watu tisa wameandikisha kwamba alileta bomu. Mimi walinikuta sijitambui, sikuulizwa mengi.

Barua yako ya kusema tusichome Yunusi aliileta magharibi. Mambo yalishaisha.

Swalehe


Nachingwea,
Jumanne, 12 Novemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Sijui nikuulize hali vipi. Mama apate uji hata kidogo.

Nataka kukwambia kitu, na nakuomba usimwambie Mama mpaka niwepo.

Barua yako ya viraka ilinifikia Ijumaa baada ya vipindi. Nilipofika kwenye "uvimbe" nilifungua kitabu, nikaona nimekosea. Simu zimekatazwa hapa, lakini mwalimu wa zamu ana simu, na mwanafunzi akiwa na dharura anapewa. Alikuwa Mwalimu Abdalah, siyo mkali hata. Nilikwenda. Mlango ulikuwa wazi nusu. Ndani alikuwa anacheka na walimu wengine wawili, na Habibu alikuwa anafagia humo. Nilipanga maneno: Mwalimu, naomba simu, nimpigie kaka. Maneno manne baada ya Mwalimu. Nilipanga na kwa Kiingereza pia, kwa sababu saa za kazi tunatakiwa Kiingereza. Nikasimama. Mwalimu akainua kichwa, akauliza, "Yes?" Habibu akasema, "Huyo Bubu, mwalimu, hasemi." Wakacheka, siyo kwa ubaya. Nami nikacheka. Nikaondoka.

Nilisimama mle mlangoni, kaka, na Lukasi alikuwa hai, bado atakula chakula cha jioni, atalala na mkewe. Nikarudi bwenini nikaandika barua kwa sababu barua haiulizi "Yes?"

Jumamosi nilimpa Yunusi saa moja asubuhi. Nilimwambia ni ya haraka, au nilidhani nimemwambia.

Umepoteza mkono kwa wino wangu. Harithi amevunjwa miguu kwa wino wangu. Barua ile nyekundu iko wapi?

Imrani


Mbekenyera,
Jumapili, 17 Novemba 2024

Imrani,

Nimerudi nyumbani. Mama anakusalimia, anasema usome.

Barua nyekundu ipo, mahali pasipofikiwa. Sasa nisikilize kama ulivyomsikiliza Baba alipokuwa hai. Hiyo barua haijawahi kuandikwa. Hukuulizwa, hukujibu. Ignasi anapita hapa kila asubuhi na mchi ule, hajauosha. Ananiuliza, "Swalehe, ulimwona Harithi akifungua mfuko?" Namjibu sikumbuki. Anasema Harithi akifunguliwa pingu tu, atammalizia shingo. Ukijitaja wewe, ni wewe. Una shingo kama ya kuku.

Harithi ni mtu mzima. Ana ndugu, watamtafutia wakili. Mimi nina mdogo mmoja.

Kunyamaza hujafundishwa na mtu, ulizaliwa nako. Nyamaza tena mara hii moja.

Kaka yako,
Swalehe


Nachingwea,
Ijumaa, 6 Desemba 2024

Kaka Swalehe,

Shikamoo. Shule imefungwa. Barua hii simpi Yunusi, nitaibeba mwenyewe nikupe mkononi kesho tutakapokuwa kwenye arobaini ya Lukasi. Usikasirike mbele za watu.

Nimekutii wiki tatu. Nimejaribu. Kila nikifunga macho namwona mtu ambaye sijawahi kumwona, amefungwa kitandani, anaulizwa bomu umelitoa wapi, na yeye alikuja na mkaa. Kuna mtu mmoja tu anayejua lilitoka wapi na namba yake, na mtu huyo anatafuna kalamu.

Kwa hiyo kesho nitasimama. Nikikwama, na nadhani nitakwama, wewe fungua hii usome kwa sauti kuanzia hapa:

Mama Lukasi, shikamoo. Mimi ni Imrani, mtoto wa mwisho wa nyumba ya kule kwenye mikorosho. Bomu halikuletwa na Harithi. Lilikuwa ndani ya bawa tangu mababu. Mwanao na kaka yangu waliniuliza kwa barua kama lina risasi, kwa sababu mimi ndiye ninayejua Kiingereza. Nilijibu halina. Nilijibu haraka kwa sababu nilifurahi kuulizwa. Nilipojua nimekosea, ilikuwa bado kuna siku nzima, na palikuwa na simu, na sikuiomba kwa aibu. Miguu ya Harithi imevunjwa bure. Wanaotaka kuvunja, mimi nipo hapa.

Mwisho wa kusoma.

Mdogo wako,
Imrani


Hospitali, Ruangwa,
Jumamosi, 14 Desemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Naandika kwa sababu taya imefungwa kwa waya, daktari amesema wiki sita. Nakunywa uji kwa mrija. Ukiniona utacheka, Bubu wa kweli sasa. Mama alikuja jana, nilimuuliza kwa karatasi, akalia akasema, "Atakuambia Swalehe."

Nakumbuka hivi. Nakumbuka mkeka na harufu ya pilau. Nakumbuka nilisimama na nikafumba macho, maneno yakatoka, kaka, yalitoka yote, mpaka la miguu ya Harithi, na nilijisikia kama mtu aliyetapika. Nilifumbua macho nikamwona Ignasi anakuja, anakanyaga sahani za watu. Ngumi ya kwanza nilisikia jino linaingia ulimini. Nilianguka nikaona kandambili yake. Kisha mchi. Nilisikia mbavu, siyo maumivu, sauti yake, kama kuni. Nilisikia mwanamke anasema, "Mwue, mwue." Sijui kama ni Mama Lukasi. Sikumlaumu.

Halafu hakuna kitu. Nimeamka hapa. Kwa nini nipo hai? Nani alimzuia Ignasi? Na Harithi?

Imrani


Mbekenyera,
Jumatatu, 16 Desemba 2024

Mdogo wangu Imrani,

Salaam aleikum na pole, pole sana. Mama anakutwangia uji wa ulezi laini, ataleta. Mapacha wa mbuzi wameanza kupigana pembe.

Umeuliza nani alimzuia. Nitakujibu, kisha uamue kama bado unaniamkia.

Ulipomaliza kusema nilisikia moto wa jikoni. Mimi nilikuwa na barua uliyonipa, mkononi, sikuifungua. Hukukwama, haikuhitajika. Ignasi alipokupiga na mchi mara ya pili nilikuwa bado nimekaa. Nataka ujue hilo. Alipouinua wa tatu alikuwa analenga kichwa, na macho yako yalikuwa wazi lakini hayaangalii kitu. Upande wa pili wa mkeka alikuwa amekaa Yunusi. Alikuwa hakuangalii wewe. Alikuwa ananiangalia mimi. Ameniangalia hivyo siku arobaini.

Nikasimama nikalala juu yako. Wa tatu ulinipata mgongoni. Nikapiga kelele, "Ignasi, ngoja! Kuna barua nyingine!"

Imrani, barua yako ya MSICHOME haikuja magharibi. Yunusi aliileta saa saba, moto bado haujawashwa, majani yapo mkononi mwangu. Alisema, "Mdogo wako anasema ni ya haraka." Ulimwambia, kumbe. Lukasi akasema, "Fungua tusikie Profesa." Nikasema huyu ana hadithi za mizinga kurasa nne, tutasoma tukipumzika. Nikaitia mfukoni. Nikawasha.

Ile suruali waliikata hospitali, Mama akaikunja akaileta nyumbani. Barua ilikuwa mfukoni, imegandamana na damu, haijafunguliwa. Niliiweka pamoja na ile nyekundu. Nilipokuandikia nyamaza, sikuwa naficha kosa lako, nilificha langu. Ulivyosema unabeba peke yako nilikuacha ubebe.

Siku ya arobaini nilikuwa nayo mfukoni, nikaitoa pale mbele ya watu. Kwa mkono mmoja bahasha haifunguki, nikaichana kwa meno. Nikasoma salamu, nikasoma msichome, nikasoma usimwache Lukasi alisogelee na shoka. Yunusi akasema, "Saa saba. Nilimpa saa saba."

Ignasi hakunipiga. Aliutazama mchi, akaketi chini akaanza kujigonga nao kwenye magoti yake mwenyewe, taratibu, kisha kwa nguvu, akisema, "Miguu ya mtu, miguu ya mtu," mpaka watu wanne wakamshika. Sasa anatembea kwa fimbo. Mama Lukasi alinipiga makofi, sijui mangapi, mpaka mkono ukamchoka. Halafu akauliza, "Ulikuwa mfuko gani?" Nikamwonyesha. Akaushika ule mfuko wa suruali ambayo siyo ile, akaushika tu, kwa muda mrefu. Wanawake wengine walimwondoa. Ndiye aliyesema mwue. Ndiye pia aliyewaambia wakupeleke hospitali.

Kesho naenda polisi Ruangwa na barua zote mbili, nyekundu na ya damu. Harithi hakuwahi kunifanyia baya. Sijui kama watanirudisha jioni au wataniweka. Nimemwonyesha Mama shamba la kupanda mwanzo. Kipande chako cha buluu bado kimo kwenye kopo la chumvi, ukitaka kichukue, ukitaka kizike.

Hukunyamaza, Imrani. Uliandika.

Yunusi akikupa hii, ifungue palepale.

Kaka yako,
Swalehe